Chai ya Rangi Kwenye Posa ya Krismasi

Nimestaafu kazi ya chai nikiwa na miaka thelathini na mbili, na naomba msicheke. Wengine hustaafu umri ukifika. Mimi nilistaafu kwa sababu Bi Mwanaisha alifunga masufuria yake akarudi Tanga, na baada yake sikuona wa kubishana naye. Kazi isiyo na mtu wa kubishana naye ni kibarua tu.

Kila baridi inapoanza mnanipigia simu, wadogo zangu mliokuja kusoma: "Kaka Deo, sikukuu hizi tufanye kazi gani?" Nawaambia chai, mnanyamaza. Mnadhani nasema mkahawa, wa kuandika jina la mteja kwenye kikombe cha karatasi na kulikosea. Nasema chai ya shughuli. Mwisho wa mwaka ndio wakati pekee Waswahili wa Landani wanapata likizo kwa pamoja, Wakristo kwa Waislamu. Basi kila jambo lililosubiri mwaka mzima hufanyika hapo: posa, ubatizo, hitima, kikao cha ukoo, ugomvi wa ukoo. Na hata ugomvi, mkiukalia vizuri, unataka chai.

Bi Mwanaisha alikuwa akipika chai hiyo kutoka jikoni kwake Ilford. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na sauti ya kuamrisha hata paka wa jirani. Siku ya kwanza aliniuliza nasomea nini.

"Kemia, Bi."

"Haya, osha masufuria. Kemia inaanzia hapo."

Tangu siku hiyo aliniita Profesa, na haikuwa sifa.

Nianze na majani, kwa kuwa ndipo wengi mnapokosea. Mnaangalia pakiti. Pakiti ina picha ya mlima, mlima hauingii kwenye kikombe. Mimina majani kiganjani. Kama ni ya chembe, yawe mazito na yasiache vumbi kwenye mistari ya mkono. Halafu fumba ngumi, pulizia pumzi ndani, fumbua, nusa. Nilimuuliza kwa nini pumzi. Akasema, "Ili yaamke." Nikaona ushirikina. Nilipojaribu mwenyewe na pakiti mbili, moja mpya na moja iliyokaa kabatini tangu kiangazi, nikakubali: pumzi ina joto na unyevu, na jani lenye uhai linajibu. Lililokufa linanuka boksi.

Lakini msiamini kila mnachoambiwa na mkubwa. Bi Mwanaisha alikuwa na imani kwamba chai hukorogwa kuelekea kulia, ukienda kushoto inachacha. Nilimtengea vikombe, vingine vimekorogwa kulia, vingine kushoto, nikamwambia atambue. Akaonja vyote. Akakosea nusu.

"Ulimi wangu leo umechoka," akasema, akaendelea kukoroga kulia mpaka siku ya mwisho.

Na juu ya maji nilimshinda waziwazi. Chai ya Landani huwa inatanda utando juu, kama mafuta. Yeye alilaumu sufuria, kisha sabuni, kisha mimi. Nikamweleza kwamba maji ya huku yana chokaa nyingi, ndiyo maana birika linaota magamba ndani na majani yaleyale ya Mufindi yaliyong'aa kwao huku yanatoka na rangi ya mfereji. Hakutaka kusikia. Nikapika sufuria mbili, moja ya maji ya bomba, moja ya maji yaliyochujwa, nikaziweka dirishani penye mwanga. Akazitazama muda mrefu. Kesho yake akanunua jagi la kuchujia, na kwa wateja wote akasema ni ugunduzi wake.

Sikumkosoa. Ila chujeni maji.

Maziwa: huku yanatambulikana kwa kifuniko. Kifuniko chekundu ni maji yaliyomwona ng'ombe kwa mbali. Cha kijani ni ya watu wanaoogopa. Chukua cha bluu, yale yenye mafuta yake yote, maana chai ya maziwa inayopikwa kwa ajili ya watu waliotoka kwenye baridi lazima ishike mdomo. Na vikombe vipashwe moto kwanza kwa maji ya moto. Kikombe kilicholala kwenye kabati la nyumba ya Kiingereza mwezi wa kumi na mbili ni barafu yenye mkono, na kinaiba moto wa chai kabla mgeni hajakinyanyua.

Tangawizi ndiyo iliyonifundisha adabu. Kulikuwa na kanisa moja, kwaya inajiandaa kwa ibada ya Krismasi, tukaombwa chai ya maziwa ya tangawizi. Bi Mwanaisha alikuwa ukumbini akipanga vikombe. Mimi jikoni nikaona njia ya mkato: nikakwangua tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa. Dakika chache, sufuria nzima imeganda mabonge. Bi Mwanaisha akaja, akachungulia.

"Umewapikia jibini."

"Bi, sikujua kama..."

"Tangawizi na maziwa ni mawifi. Mmoja lazima atulizwe kwanza."

Akamwaga yote, akachemsha maji na tangawizi na limau, akatoka kuwaambia wanakwaya kwamba chai ya rangi ndiyo inayofungua koo. Wakanywa, wakaimba, wakamshukuru. Nyumbani nikasoma: tangawizi mbichi ina kitu kinachokata maziwa, na kitu hicho hufa kikichemka. Kwa hiyo tangawizi ichemke na maji kwanza, vizuri kabisa, ndipo maziwa yaingie. Sababu yangu ni ya kitabuni na yake ni ya mawifi, lakini chai inayotoka ni moja.

Sasa hivi ananitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga, mrefu kama taarifa ya habari, wa kulalamika joto. Nausikiliza asubuhi kituoni nikisubiri treni, mikono imekufa ganzi, na kinachonijia si joto la Tanga. Ni jiko lake: madirisha yamelowa mvuke, nje giza bado ingawa ni asubuhi, iliki inapondwa, na yeye anauliza nani amehamisha kichujio chake. Nilikihamisha mimi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: usimuulize mwenye shughuli anapenda chai gani, muulize wageni wake wametoka wapi. Mwenye shughuli atakunywa hata maji ya betri, ana mengine ya kuwaza. Mgeni ndiye anayesoma kikombe. Nilimwona akiishika kanuni hiyo kwa Wapemba, kwa Wahaya, kwa Wakongo, kwa Wahindi wa Mwanza waliotaka chai nzito ya kusimamisha kijiko. Mara moja tu aliiacha, na ndiyo habari ninayotaka kuwaachia.

Ilikuwa Krismasi yenyewe. Siku hiyo Landani haina treni wala basi, barabara zimelala kama watu wamehama. Bi Rukia, Mzanzibari, shoga yake Bi Mwanaisha wa miaka mingi, alikuwa anapokea posa ya binti yake Salma. Salma ni muuguzi, na siku hiyo ndiyo pekee aliyopata nje ya zamu. Bi Rukia aliagiza: chai ya rangi, ya viungo, ile ya kwao.

Tulikwenda kwa miguu, masufuria kwenye kikapu cha magurudumu.

"Wageni wanatoka wapi?" nikamuuliza Bi Mwanaisha.

"Kwa bwana harusi."

"Na bwana harusi anatoka wapi?"

"Hounslow."

"Na kabla ya Hounslow?"

"Profesa, sukuma kikapu."

Jikoni kwa Bi Rukia ndipo tuliposikia yote. Kijana anaitwa Yusuf, anapakia mizigo uwanja wa ndege. Kwao ni Mumias, magharibi ya Kenya, Waislamu wenzao, hilo halikuwa na neno. Ila baba yake Yusuf yuko huko nyumbani, hajamwona Salma hata siku moja, na amesema hatatoa ridhaa mpaka dada yake, aliyekuja huku kumtembelea binti yake, aende akaione nyumba ya kina Salma kwa macho yake. Dada huyo, Senje Zubeda, senje ndio shangazi kwao, alikuwa anarudi Kenya wiki hiyohiyo.

"Akirudi na neno zuri, ndoa ipo," akasema Bi Rukia. "Akirudi na baya, haipo. Na mwanangu keshanambia, hapa au hapana popote."

Mimi nikauliza, maana sijui kunyamaza, ndoa ya watu wazima wawili inakuwaje ining'inie kwenye ulimi wa shangazi mmoja.

"Kwani wewe ulidhani inaning'inia wapi?" akasema Bi Mwanaisha. "Beba sinia."

Ilikuwa chai nzuri, nawaambia ukweli. Nyekundu kama kito, karafuu, mdalasini, iliki, mchaichai umekaa juu ya yote. Vikombe vidogo vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo Bi Rukia hakuwahi kumtolea mtu yeyote tangu ahamie Ilford. Sebuleni walikaa wazee wawili wa upande wa kijana, na mshenga wao mwenye kofia nzuri na hotuba yake tayari. Katikati Senje Zubeda, mwanamke mrefu aliyenyooka, koti bado mwilini. Salma yuko ghorofani, kama desturi ilivyotaka.

Nikampa yeye kwanza. Akatazama ndani ya kikombe kama mtu anayechungulia kisima. Akakiweka mezani, taratibu, bila sauti.

"Asante. Tumeshakunywa."

Wale wazee wawili, waliokuwa wameshanyanyua vyao, wakaviweka chini.

Mshenga alikuwa amesimama kuanza. Akakaa. Kwa Bi Rukia, kama kwa wengi wetu, mgeni wa posa asipogusa alichopewa, neno halifunguliwi.

"Sukari imezidi, mama?" nikauliza.

"Sukari iko sawa."

"Labda imepoa?"

"Moto pia iko sawa, kijana."

"Basi kuna..."

Bi Mwanaisha akakohoa mlangoni. Kikohozi kile nilikijua. Nikarudi jikoni.

Bi Rukia alikuwa huko kabla yangu, mkono kifuani. "Kanikatalia chai yangu. Mie! Karafuu hizi za shamba la marehemu babangu, nimeletewa kwa mkono! Mtu asotaka kugusa kikombe changu, mwanangu atakula nini kwake? Shoga, mwambie mshenga wao wanyanyuke, wende zao salama."

"Rukia, subiri," akasema Bi Mwanaisha. Alikuwa ameshavua miwani na kuifuta, ishara kwamba ameshaona kosa na kosa ni lake. "Wa Mumias. Wafugaji wale, wenye maziwa yao. Na mimi sikuuliza mapema. Una maziwa?"

Bi Rukia akafungua friji. Kifuniko chekundu, na yenyewe tone la mwisho. Daktari alimkataza mafuta.

"Profesa," akasema Bi Mwanaisha. "Miguu yako."

Nje baridi ilikuwa inauma masikio. Mbele ya nyumba kulikuwa na gari, vioo vimefunikwa na ukungu kwa ndani. Kioo kikashuka kidogo. Kijana, koti la kazini, mikono katikati ya magoti.

"Wewe ni wa ndani? Wameanza kuongea?"

Nikaelewa. Bwana harusi haendi kwenye posa yake mwenyewe, lakini Krismasi hakuna basi, na wazee lazima watoke Hounslow. Amewaleta, kisha akabaki kwenye gari ili asihesabike kuwa amekuja.

"Wameanza kunyamaza," nikamwambia. "Senje wako hajanywa chai."

"Chai gani?"

"Ya rangi."

"Wamempa strungi?" Yusuf akaangusha paji la uso kwenye usukani, na honi ikalia mtaa mzima. Juu, pazia la ghorofani likatikisika. Akanyanyua kichwa. "Kaka, kwetu mgeni akipewa chai bila maziwa na ng'ombe wako zizini, ameambiwa aende. Senje anafikiri wamemfukuza. Na hawezi kuuliza, ni mgeni. Atakaa hapo na heshima yake mpaka waage, halafu aende amwambie baba."

"Si umpigie simu umweleze?"

"Mimi? Mimi siko hapa."

Akawasha gari. Tukazunguka mitaa mitatu minne ya maduka yaliyofungwa mpaka tukakuta moja lina taa. Mwenyewe mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, amevaa kofia ya sufu mpaka nyusini. Nilipoomba maziwa akauliza kwa Kiswahili, "Ya kuweka kwa chai, ama ya kupika chai?" Nikasema ya kupika. Akaacha yaliyokuwa mbele, akainama nyuma ya friji, akatoa vifuniko vya bluu.

Niliporudi, tangawizi ilikuwa imeshachemka kwenye maji, imetulizwa. Bi Mwanaisha akamimina maziwa. Harufu ikatoka jikoni ikaenda sebuleni bila kupiga hodi, na haikuchukua muda Senje Zubeda akasimama mlangoni pa jiko, koti mwilini.

Bi Rukia akanyooka. "Mgeni wetu, kaa tu. Jikoni hakutazamiki."

Senje hakumtazama. Alikuwa anatazama sufuria, na mkono wa Bi Mwanaisha ulioshika majani. "Unaweka sasa? Bado. Wacha ianze kupanda."

Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mtu akimwambia Bi Mwanaisha "bado" akabaki na meno. Mimi mwenyewe nilinyimwa upawa ule mpaka mwaka wa tatu.

Bi Mwanaisha akamtazama Senje. Kisha akageuza upawa, akampa kwa upande wa mpini.

Senje akavua koti. Akasubiri maziwa yapande, akatia majani, akayashusha kwa kuchota na kumimina kutoka juu, yakapanda tena, akayashusha tena. Mkono wake ulikuwa wa mtu aliyepikia matanga na harusi. Alikoroga kushoto. Bi Mwanaisha aliona, akageukia vikombe.

"Nilifikiri mnatuambia twende," Senje akasema, bado anatazama sufuria.

"Mie nikwambie wende?" Sauti ya Bi Rukia ilipasuka. "Vikombe vile sijavitoa hata kwa mashemeji zangu! Ile ndo chai yetu ya heshima, bibi. Maziwa kwetu twampa mgonjwa."

"Na sisi strungi tunampa mtu wa kudai kodi."

Walitazamana. Senje ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani, na Bi Rukia akafuata akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Senje akaomba kikombe chake kilekile alichokiacha. Nikakileta, kimepoa. Akanywa funda moja, akatafakari.

"Hii ni dawa ya kifua," akasema.

"Bora hata hiyo," akasema Bi Rukia.

Kisha Senje akauliza, "Na yule kijana wangu bado yuko kwa gari? Ataganda." Akachukua kikombe kikubwa cha kila siku kilichokuwa kando ya sinki, akakipasha moto kwa maji, wadogo zangu, bila kuambiwa na mtu, akakijaza mpaka ukingoni. "Msichana yuko wapi? Ampelekee."

"Hilo si desturi," akasema Bi Rukia. "Siku ya posa? Mtarajiwa atoke nje kwa mwanamume, majirani watazame?"

"Ni kweli. Si desturi hata kwetu. Lakini desturi zetu hazikuzaliwa kwa baridi hii. Na mimi nimetumwa kuangalia. Nitaangalia nini, vikombe?"

Bi Rukia akakitazama kikombe kile kikubwa. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa, na sote tulijua. Halafu akapaza sauti kuelekea ghorofani: "Salma! Shuka. Na vaa kitu kizito."

Salma alishuka upesi mno kwa mtu ambaye hakuwa akisikiliza. Mama yake akamwambia la kufanya, akajibu kwa Kiingereza kwamba hii ni ndoto au nini, kisha akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakifunika kwa kisahani, akatoka na ndara za ndani.

Wale wanawake watatu wakaenda dirishani, nami nyuma yao. Bi Rukia akasogeza pazia kidogo tu. Yusuf alishuka kwenye gari, akasimama, hajui aweke wapi mikono. Salma akaondoa kisahani, mvuke ukapanda kati yao. Yusuf alionja, kisha kabla ya kunywa tena akamrudishia Salma, naye akanywa, akakirudisha. Hawakusogea karibu zaidi ya urefu wa kikombe. Sebuleni nyuma yetu mshenga alisafisha koo, akaanza bismillahi, akaona hana wasikilizaji, akanyamaza.

Senje alitazama mpaka mwisho.

"Wamemaliza?" akauliza Bi Rukia, aliyekuwa ameziba macho yake kwa kiganja.

"Wamemaliza," akasema Senje. "Mwambieni mshenga aanze."